Nyayo za Karatasi

Sanduku tumelifungua kwa kisu cha siagi,
maana ufunguo tulimzika nao, bila kujua,
mfukoni mwa kizibao.
Mjomba Wattie amechukua fidla. Haya.
Mimi nimebaki na karatasi.

Ni karatasi za kaki, mia mbili na ushei,
na katika kila moja pana unyayo.
Babu Lachlan alikuwa fundi viatu wa Balnacraig:
mteja alivua soksi, akakanyaga,
penseli ikazunguka kisigino, ikapanda ukingoni,
ikahesabu vidole.
Kisha usiku, ngozi ikilowa ndooni,
alichora mistari mitano ndani ya unyayo ule ule
akaanza kupanda nota.

Huu ni wa Jessie Tulloch, mwembamba kama samaki,
na lahani yake haitulii, inateleza mkononi.
Huu wa Mutch mchunga kondoo:
kidole gumba kimekula pembe ya karatasi,
nota nzito zimejaa kisiginoni kama matope.
Huu, mdogo kuliko kiganja changu,
ni wa mtoto wa akina Baird.
Nusu mstari tu. Pembeni ameandika:
*Kifaduro. Januari. Viatu havikuchukuliwa.*
Naufunika.
Naufunua tena.

Alipiga harusini, ghalani, juu ya meza iliyopandishwa kwenye mapipa,
mvua ikigonga bati, wavulana wakinuka wisiki na kondoo.
Akalipwa jibini, mishumaa,
na mara moja bata bukini mzima mzima,
aliyemponyoka njiani;
wakafika nyumbani alfajiri wote wawili, bata mbele.
Mganga hajigangi: viatu vyake mwenyewe vilivuja.
"Umekivisha kijiji kizima," Bibi alimwambia,
"ukaniletea mimi baridi yao kitandani."

Bibi Elspet.
Alikuwa na miaka saba gari la viazi lilipompitia pajani.
Mfupa ukaunga, lakini ukaunga upande.
Alitembea fupi-refu, fupi-refu,
na mbao za sakafu zilimtambua kabla ya macho.

Mwaka ule bwana wa kasri akataka kitabu:
jina lake juu kwa dhahabu,
lahani za Babu ndani.
Akamleta mwalimu wa muziki kutoka Edinburgh, glavu za kijivu,
aliyesoma akitikisa kichwa kwa adabu
mpaka ukurasa wa tisa. Hapo akagonga kalamu.
"Pana kosa. Nota hizi zinachechemea.
Fupi mbele, refu nyuma, kila mara. Tuzinyooshe."

Babu alifuta vumbi la utomvu kwenye nyuzi,
polepole, kwa kidole chenye kovu la sindano.
"Si kosa, bwana.
Huyo ni mke wangu, anarudi kisimani na ndoo."

Kitabu hakikuchapwa.
Kodi ya nyumba ilipanda mwezi wa Mei.

Bibi alipofariki, vidole vya Babu vilikuwa vimeshakuwa mizizi.
Fidla aliiweka mapajani bila upinde,
akaigonga mgongoni kwa ukucha,
fupi-refu,
na paka akainua kichwa kutazama mlangoni.
Hilo nililiona mwenyewe. Nilikuwa na miaka kumi na moja,
nikatazama mlangoni pia.

Natafuta unyayo wa Bibi tangu asubuhi.
Nimepata wa kasisi, wa posta, wa mwizi wa kuku
(lahani nzuri sana, ile ya mwizi).
Wa Bibi haupo.
Pengine hakuhitaji kumpima.

Chini, Wattie anajaribu fidla.
Ameukumbuka ule wa ukurasa wa tisa,
lakini anaupiga sawasawa, umenyooka kama barabara ya serikali,
hauna kisima wala ndoo.
Navua kiatu.
Nagonga sakafu kwa kisigino,
fupi-refu, fupi-refu,
vumbi linamwangukia kichwani.

Ananyamaza.
Anatukana kidogo.
Anaanza upya.